Namba Sita Alizokuwa Akinisomea Dada

Siku ya nne baada ya kumzika dada yangu, serikali ilimpongeza.

Simu yake ilikuwa mezani kwangu, inachajiwa. Hakukuwa na sababu yoyote ya kuichaji. Ilikuwa imebaki asilimia sita, nikaona siwezi kuiacha na yenyewe ikazima.

Ikalia. Nikasoma.

"Hongera. Kutokana na ukuaji mkubwa wa biashara zako, umehamishiwa katika kundi la walipakodi wakubwa. Afisa maalumu atakuhudumia."

Nikarudia kusoma mara tatu. Namba ya mlipakodi ilikuwa yake. Jina lilikuwa lake.

Dada yangu alikuwa fundi zipu.

Sisemi mwenye kiwanda cha zipu, nasema fundi. Alikuwa anakaa kwenye kigoda nje ya posta, na koleo, mkasi, kipande cha mshumaa cha kulainishia zipu ngumu, na cherehani moja ya mkono. Begi lako limegoma kufunga, unampelekea, unakunywa chai, unarudi unalikuta tayari. Hizo ndizo biashara zake zilizokua.

Nikacheka. Nisameheni, nilicheka kwa sauti kubwa mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kuona kulikoni. Alipofika alinikuta nalia.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo. Nikiruka hata kidogo nitakuwa najisafisha, na hicho ndicho sitaki kufanya hapa.

Mimi nina kibanda cha kompyuta. Nilikuwa nacho, niseme hivyo. Mashine mbili, printa moja ambayo haianzi mpaka uipige kofi upande wa kulia, na bango nje nililoliandika mwenyewe: TUNAJAZA FOMU ZOTE. Watu wa mtaa walinipa jina la Profesa. Nami nikalikubali, nani anakataa cheo cha bure.

Kazi iliyonilisha ilikuwa ritani za kodi. Siku hizi kila kitu mtandaoni, na watu wazima wengi wakiiona ile tovuti wanatoka jasho. Mzee ana duka lake miaka thelathini, anajua kila msumari ulipo, lakini mwambie "ingiza neno la siri" uone anavyokuangalia.

Basi wanakuja kwa Profesa. Leseni ya uwakala sikuwa nayo. Tulikuwa wengi mjini tusio nayo na hakuna aliyetuuliza.

Dada alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kumi na moja. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea, akaacha shule ili mimi niendelee. Hakuwahi kunikumbusha hilo hata siku tuliyogombana. Mimi ndiye nilikuwa nalikumbuka, tena nalikumbuka vizuri zaidi nikiwa sina la kufanya.

Miaka mitatu iliyopita figo zake zilikufa. Zote mbili.

Daktari akasema damu isafishwe kwa mashine mara tatu kwa wiki, maisha yake yote. Bei yake hata sitaitaja. Itoshe kusema ukiuza kibanda changu na mimi mwenyewe ndani yake, tungefika mwezi wa pili.

Kilichotuokoa ni kadi ya msamaha. Hospitali kubwa ya serikali inawatibu bure wenye kipato cha chini. Unaenda kwa afisa ustawi, anafungua kompyuta yake, anaangalia mfumo wa kodi unasema unaingiza kiasi gani kwa mwaka, ukiwa chini ya kiwango unapigiwa muhuri. Kila mwaka kadi inafanywa upya.

Kwa hiyo dada yangu, katika mafundi zipu wote duniani, alikuwa anajaza ritani kila mwaka bila kukosa. Ile ritani ndiyo iliyokuwa inamweka hai. Na mjazaji nilikuwa mimi.

Sasa nisikilizeni kuhusu huo mfumo.

Siku za kawaida unafanya kazi. Wiki ya mwisho ya kuwasilisha, nchi nzima inapoingia kwa pamoja, unakufa. Kuanzia saa tatu asubuhi unaona kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, halafu: "Samahani, jaribu tena baadaye." Nyuma yako wamesimama watu ishirini, kila mmoja anapumua kwenye kisogo chako.

Jamaa mmoja wa kazi hii hii akanifundisha ujanja. "Ingia mapema, saa moja asubuhi, kwa akaunti ya mtu yeyote," akaniambia. "Usitoke. Hiyo iache wazi siku nzima. Mfumo ukishaiona mashine yako iko ndani, haukutupi nje. Wateja wako unawafungulia dirisha la pili, pembeni."

Tukawa tunauita huo ujanja kuacha mlango.

Shida ilikuwa moja. Kila ukiingia, mfumo unatuma namba sita kwenye simu ya mwenye akaunti, na zikishapita dakika mbili zinaharibika. Kwa hiyo mtu wa mlango lazima awe mtu ambaye saa moja asubuhi ukimpigia anapokea, na hakuulizi maswali.

Mtu wa namna hiyo nilikuwa naye mmoja tu.

"Dada, zimefika?"

"Zimefika. Subiri nivae miwani. Haya. Tatu. Tisa. Yai. Moja. Moja. Sita."

Sifuri alikuwa anaiita yai. Sijui alianza lini, nadhani ni tangu alipokuwa ananifundisha kuhesabu. Nikimwambia aseme sifuri ananijibu, "Wewe unasikia yai au husikii?"

"Nasikia."

"Basi andika."

Ndiyo ilikuwa salamu yetu ya asubuhi msimu mzima wa ritani. Alikuwa anajitangaza kwa wenzake pale posta kuwa yeye ndiye mlinzi wa geti la serikali. Muuza magazeti anayekaa jirani naye alikuwa anamuuliza, "Leo umewafungulia?" Naye anajibu, "Nimewafungulia, waendelee."

Miaka miwili ujanja ulifanya kazi vizuri kabisa.

Mwaka wa tatu wakatangaza kuwa wameuboresha mfumo.

Siku ya mwisho ya kuwasilisha, saa moja kasoro, dada akanisomea namba zake. Nikaacha mlango wazi. Saa nne mji mzima ulikuwa unalia, vibanda vya wenzangu vimekwama, kwangu watu wanaingia na kutoka. Thelathini na saba kwa siku moja. Mwenye duka la hadiwea, misumari na saruji, pale njia panda. Mwenye malori mawili. Mama mwenye nyumba za kupangisha. Wenye maduka ya dawa, wenye saluni, mwenye kuku elfu tatu.

Tena nikaona jambo la ajabu. Kwa wateja wale mfumo hata haukuomba namba sita. Unaingiza namba ya mlipakodi na neno la siri, unapita moja kwa moja.

Nikasema moyoni, safi, kweli wameuboresha.

Ningekuwa profesa wa kweli ningesimama hapo hapo. Fundi umeme akikuta waya hauna umeme mahali unapotakiwa kuwa nao, anasimama. Mimi nilipiga printa kofi nikaita anayefuata.

Risiti zikatoka. Juu kabisa jina la mteja, herufi kubwa, sahihi. Chini, kwa herufi ndogo, namba ya mlipakodi. Mimi niliangalia majina. Wateja waliangalia majina. Wakaenda benki na hati nilizowachapia, wakalipa, wakalala usingizi.

Zile namba za chini, zote thelathini na saba, zilikuwa ni namba moja. Ya dada.

Mfumo mpya ulikuwa unabadilisha jina tu. Aliyekuwa ameingia kweli, kwa upande wake, alikuwa bado yule wa mlangoni.

Mwezi uliofuata malalamiko yakaanza. Mwenye hadiwea akaja ameshika barua.

"Profesa, wanasema sijawasilisha."

"Umewasilisha, risiti si unayo?"

"Ninayo. Lakini huko wananiambia sipo."

Nikaangalia risiti, nikaangalia jina. "Mfumo unasumbua huo. Wape wiki mbili, utakaa sawa."

Nilikuwa na kauli hiyo mdomoni muda wote. Mfumo unasumbua. Ukiwa fundi kompyuta, maneno hayo mawili yanakusaidia kuliko cheti chochote. Mtu akiambiwa mfumo unasumbua hana wa kumgombeza, anakunja karatasi yake anaondoka. Walirudi kama tisa hivi. Wote niliwajibu hivyo hivyo, wengine nikawajazia upya, sikujiuliza ritani ya kwanza ilienda wapi.

Katika mwezi huo huo dada alikwenda kufanya upya kadi.

Jioni akapita kibandani. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Vipi, wamekupigia muhuri?"

Akainama, akakanda kisigino. Jibu lake nalisikia mpaka leo.

"Bado," akasema. "Mfumo unasumbua."

"Aa, huo. Utakaa sawa."

"Wamesema watanihudumia hivyo hivyo wakati wanasubiri."

"Si unaona. Usiwe na wasiwasi."

"Sina wasiwasi, Profesa." Akaniangalia na lile tabasamu lake la upande mmoja. "Umekula?"

Nilikuwa nimekula. Tukaongea mengine.

Jamani, mimi ndiye mtu aliyekuwa anajua kuliko wote kwamba maneno hayo wanayasema watu wasiotaka kuulizwa zaidi. Lakini aliponiambia dada niliyaamini, kwa sababu yalikuwa maneno yangu.

Baada ya hapo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikuwa anapita mbele ya kibanda akiwa amevaa lile gauni lake la kwenda hospitali, la buluu, lenye mikono mifupi ili wapate mshipa. Ananipungia mkono. Nampungia. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa nilikuwa namsindikiza. Wa pili nikawa namsindikiza mara moja moja. Mwaka huu kibanda kilikuwa kinajaa watu.

Mwezi wa tatu tangu hapo akaanza kuvaa ndala. Nikamuuliza viatu viko wapi, akasema vinambana. Niliona miguu imevimba. Nikamuuliza, "Unasafishwa kweli?"

"Nasafishwa."

"Mara tatu?"

"Unataka nikuletee sindano uzihesabu?"

Nikacheka, mambo yakaishia hapo. Siku nyingine nikapita posta nikakuta kigoda kipo, koleo lipo, cherehani haipo. Akasema imeenda kwa fundi. Nikajibu sawa. Dada yangu mwenyewe ndiye fundi wa cherehani mtaa mzima, wenzake wanamletea zao azitengeneze, nami nikajibu sawa.

Mwezi wa tano akaanguka pale pale nje ya posta. Muuza magazeti ndiye aliyenipigia simu. Nilipofika hospitali mapafu yalikuwa yameshajaa maji. Nikamshika mkono. Alikuwa anahema kwa shida, maneno yanatoka moja moja.

"Watoto wamekula?"

"Wamekula, dada."

"Kibanda umemwachia nani?"

"Nimefunga."

"Usifunge," akasema. "Watu watakuja."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Saa saba mchana muuguzi akaja kutuomba tutoke, na tuliporudishwa ndani alikuwa amefunikwa.

Hatukumuuliza daktari chochote. Figo zinaua, kila mtu anajua. Tukamzika.

Siku ya nne ndipo ikaja hongera.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda ofisi ya kodi. Nilikwenda na hasira, niwaambie ukweli. Nilitaka kumtukana mtu. Nilikuwa na simu ya marehemu mfukoni na nimepanga maneno yangu yote njiani.

Dirisha namba nne alikuwepo mama mmoja wa makamo, amevaa sweta, feni inampuliza karatasi naye anazikandamiza kwa mkoba wake. Nikamwonyesha ujumbe.

"Mnampongeza maiti," nikamwambia. "Mnampongeza fundi zipu kwa ukuaji wa biashara."

Akasoma. Akaingiza namba kwenye mashine yake. Nikaona uso wake unabadilika.

"Huyu mama amefariki?"

"Wiki iliyopita."

Akavua miwani. Akaifuta taratibu kwa ncha ya sweta. Watu wa nyuma yangu wakaanza kuguna.

"Wewe ni nani wake?" akaniuliza.

"Mdogo wake."

"Yule wa kompyuta?"

Ile hasira niliyokuja nayo ikaniisha yote. Nikaitikia kwa kichwa.

Akainuka, akafunga dirisha lake, akaniingiza chumba cha nyuma chenye meza moja na kabati la mafaili. Akaigeuza kompyuta nione.

Orodha ndefu. Hadiwea. Usafirishaji, malori mawili. Upangishaji wa nyumba. Duka la dawa. Ufugaji wa kuku. Thelathini na saba, zote siku moja, zote kutoka mashine moja. Ya mwisho kabisa, chini, niliyoijaza mwenyewe wiki moja kabla ya siku ile: ufundi zipu.

Nilimtambua kila mteja. Nilikumbuka hata walivyokuwa wamesimama kwenye foleni.

"Wateja walilipia kwa hati zenye namba yake," yule mama akasema taratibu. "Kwa hiyo mfumo unamwona ni mtu mwenye biashara thelathini na nane, asiyedaiwa chochote. Ndiyo maana unampongeza."

"Na hospitali?"

"Hospitali inaona hiki hiki unachokiona."

Nikaisoma orodha tena kutoka juu.

"Walimnyima kadi?"

"Walimnyima. Wakamtuma hapa na barua ili tuziondoe hizo ritani. Nilimhudumia mimi." Akafungua kabati, akapekua, akatoa faili jembamba. "Kulikuwa na njia nyepesi kabisa. Fomu ina sehemu mbili. Ukisema ziliwasilishwa na mtu mwingine bila ridhaa yako, tunaziondoa ndani ya siku tatu. Ukisema uliziwasilisha mwenyewe, lazima ulete vielelezo vya kila biashara kuthibitisha si zako. Hapo hutoki."

"Yeye alisemaje?"

"Alianza kuandika ile ya kwanza. Halafu akaniuliza, huyo mtu mwingine anafanywa nini. Nikamweleza. Akiwa hana leseni, mashine zinachukuliwa, anapelekwa mahakamani. Akaweka kalamu chini."

Akanisogezea karatasi.

Mwandiko wa dada naujua. Ndio ulioandika jina langu kwenye daftari langu la kwanza. Palikuwa na mstari umekatwa kwa wino, na chini yake sentensi mbili.

*Niliziwasilisha mimi mwenyewe. Hakuna aliyenisaidia.*

Nililia pale, ndugu zangu. Nililia mpaka yule mama akaenda kufunga mlango.

"Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia mama, haya ni maisha yako. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Yule ana watoto, na hiyo ndiyo kazi yake.' Halafu akaniuliza mwaka mpya wa ritani unafunguliwa lini. Nikamwambia baada ya miezi saba. Akahesabu kwa vidole. Akasema miezi saba si mingi, atajibana, mwaka mpya ukifunguliwa atajaza upya ile yake ya zipu na kadi itarudi."

Dada yangu hakutaka kufa. Hilo nataka mlielewe. Alipiga hesabu, akaona anaweza kuvuka miezi saba bila mimi kujua. Alipokufa zilikuwa zimebaki wiki saba.

"Kwa nini hukuniita?" nikamuuliza. Nilikuwa bado natafuta wa kumlaumu.

"Nikuite wewe nani? Yeye aliandika hakuna mtu." Akauvuta mkoba wake kutoka chini ya karatasi, akaupapasa kwa kidole. "Siku ile alinisubiri saa mbili pale kwenye benchi, mfumo ulikuwa chini. Akaona zipu yangu imeachia. Akaniomba mkoba, akautengeneza huku anasubiri. Nilitaka kumlipa akakataa. Akasema, 'Siku mdogo wangu akija hapa na shida yake, msaidie.'"

Nikautazama ule mkoba. Zipu ilikuwa imepakwa mshumaa. Ilikuwa inang'aa.

Nilikuja kujua mengine baadaye kwa muuza magazeti. Zile siku tatu za gauni la buluu dada alikuwa haendi hospitali. Alikuwa anaenda ghalani upande wa pili wa mji kushona magunia kwa mkono. Kila wiki akipata ya kutosha anasafishwa mara moja, akikosa haendi. Alimwapisha huyo muuza magazeti asinifikishie. Lile gauni alikuwa analivaa ili nimwone akipita.

Cherehani aliuza mwezi wa pili.

Lakini siku ile ofisini nilikuwa bado sijayajua hayo. Nilichojua ni kimoja, kwamba dada yangu yuko kwenye mafaili ya serikali kama mtu aliyesema uongo, na uongo wenyewe ni wangu.

"Nipe hiyo fomu," nikamwambia yule mama.

"Fomu gani?"

"Ile ile. Niandike aliyewasilisha ni nani."

Akaniangalia. "Marehemu hahitaji kadi tena. Ukiandika hivyo hakuna unachorudisha. Unajiingiza mwenyewe matatizoni."

"Kuna watu thelathini na saba wanatumiwa barua za faini. Niliwaambia mfumo unasumbua."

"Na watoto wako?"

Nilimfikiria mke wangu, nikawafikiria watoto. Nikafikiria pia jinsi dada alivyoniangalia siku ile kibandani, akaniuliza kama nimekula.

"Nipe fomu, mama," nikasema.

Nikaandika yote. Kurasa mbili na nusu. Kuacha mlango, dirisha la pili, risiti nisizozisoma. Nikaweka sahihi.

Yule mama akaanza kuingiza kwenye mashine. Akabonyeza kitu, akasimama, akatingisha kichwa.

"Unaona upumbavu wa huu mfumo," akasema kwa sauti ya chini. "Kuziondoa, unataka idhini ya mwenye akaunti. Umetuma namba sita kwenye simu yake."

Na mfukoni mwangu simu ya dada ikalia.

Nikaitoa. Nikaiweka mezani mbele yangu. Dakika mbili tu, baada ya hapo zinaharibika.

"Nisomee," yule mama akasema, vidole viko tayari.

Maisha yangu yote ya kazi mimi nilikuwa upande wa vidole. Sikuwahi kuwa upande wa kusoma.

"Nne," nikasema. "Nane. Mbili. Mbili."

"Endelea."

"Yai."

Akasimamisha vidole. "Umesema ngapi?"

Nikaitazama tena ile namba.

"Sifuri, mama. Sifuri. Halafu tano."

Akaandika. Kaduara kakazunguka kwa muda, tukakaangalia wote wawili. Halafu mistari ikaanza kufutika, mmoja mmoja, kutoka juu. Hadiwea ikaondoka. Malori yakaondoka. Nyumba, dawa, kuku. Ukabaki mstari mmoja peke yake katikati ya ukurasa mweupe.

Ufundi zipu.

Mashine zangu zilichukuliwa wiki hiyo hiyo. Kesi inatajwa mwezi ujao na sijui itaishaje. Mwenye hadiwea aliposikia alikuja nyumbani, nikadhani amekuja kunipiga. Alikaa dakika tano, akasema pole, akaondoka. Sasa hivi nakaa nje ya posta, kwenye kigoda cha dada, nina koleo lake na kipande chake cha mshumaa. Zipu bado zinanishinda. Muuza magazeti ananicheka.

Haya ninayaandika kwa simu yake. Sijaweza kubadilisha laini.

Kwa wenzangu wa vibanda nina mawili tu. Ukimaliza kazi kwenye akaunti ya mtu, toka, funga, hata foleni iwe imefika barabarani. Na risiti isome mpaka chini, palipo na herufi ndogo, kabla hujamwita anayefuata.

Na wewe mwingine yeyote, ndugu yako mgonjwa akikuambia mambo yako sawa, ni mfumo tu unasumbua, usimwamini. Vaa viatu, nenda naye mpaka dirishani, usimame pale ukajionee. Mimi sikwenda. Hospitali ilikuwa dakika ishirini kwa miguu.